Kwenye gari ya zamani rangi ndo kazi ndogo, hela iko kwenye urembo

Mhariri,

Habari za kazi na poleni na majukumu. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nimjibu yule msomaji aliyelalamika kwamba amepeleka Volkswagen Beetle ya marehemu baba yake ikapigwe rangi, fundi akamtajia bei ambayo kwa hesabu zake angepiga rangi IST tatu na hela ya soda ikabaki, akamalizia kwa kusema mafundi wa gari za zamani ni wezi na rangi ni rangi tu.

Mimi ni fundi rangi hapa Dar, maeneo ya Ilala, na gari za zamani ndo zinanilisha. Huyo fundi aliyemtajia bei simjui wala sina undugu nae, inawezekana kweli alitaka kumpiga, wapo wa hivyo tena wengi tu. Ila hilo la rangi ni rangi tu haliwezi kupita hivi hivi kwasababu ndo linaloua gari za watu mjini. Kwenye gari ya zamani rangi ndo kazi ndogo kuliko zote. Kupuliza kwenyewe, yani ile kushika bunduki na kuizunguka gari, ni shughuli ya mchana mmoja. Hela iko kwenye urembo, yani kufungua kila kitu kilichokaa juu ya bati kabla rangi haijaguswa, alafu kukirudisha kila kimoja mahali pake rangi ikishakauka, bila kukunja, bila kukwaruza na bila kubakiwa na skrubu mkononi hujui ilitoka wapi.

Tuichukue hiyo hiyo Beetle. Kwenye IST unafungua bampa mbili za plastiki, taa, vitasa na vioo vya pembeni, mambo yameisha. Beetle imejaa vitu. Ina madigadi manne ambayo hayakuchomelewa, yamefungwa kwa boliti kwenye bodi, na kati ya digadi na bodi umepita mpira mwembamba wa kuziba ule mwanya. Ina vibao vya kukanyagia kila ubavu, vyenyewe vimevikwa mpira juu na ukanda wa kung'aa pembeni. Ina ile mikanda ya alumini inayoizunguka gari kiunoni, saba jumla, mmoja boneti ya mbele, miwili mifupi kabla ya milango, miwili ya milango yenyewe na miwili ya ubavu wa nyuma. Hapo hujahesabu ringi za taa, mkono wa boneti, nembo, vitasa, mikono ya wipa, taa za indiketa zilizokaa juu ya madigadi na gasketi zake chini, na bampa za chuma zenye kromu pamoja na shikizo zake. Alafu vioo, mbele, nyuma na vile vya ubavuni nyuma ya mlango vyote vimeshikwa na mpira tupu, hakuna gundi, na kwenye zile Beetle za hadhi ya juu huo mpira una mfereji na ndani ya mfereji umelala ukanda mwingine wa kung'aa.

Sasa fundi wa bei ya chini havigusi hivyo. Anachukua maskin tepu na magazeti, na samahani mhariri lakini gazeti lenu linasomwa sana gereji, wengine wanalisoma likiwa limebandikwa kwenye kioo cha mbele, anaziba vioo, anaziba mikanda, anapitisha tepu ukingoni mwa mpira kwa macho, anapuliza. Jioni gari inameta na mteja anapiga picha. Karatasi ya gazeti yenyewe inanyonya rangi na tina vikapenya hadi chini, na inaachia vinyuzi vinavyodondokea kwenye rangi mbichi, ndo maana kuna karatasi maalum ya kufunikia. Ila hilo dogo. Kubwa ni kwamba chini ya kila mkanda na chini ya kila mpira hapakusafishwa, hapakupigwa msasa, hapakupata praima, na rangi mpya imeishia juu ya mpira badala ya kuishia chini yake. Mpira unacheza gari ikitembea, unatanuka juani na kusinyaa usiku, rangi ngumu iliyokauka juu yake haiwezi kucheza nao, inapasuka. Pale ilipopasuka maji yanaingia, na kwa sisi wa pwani hewa yenyewe ina chumvi. Baada ya masika moja unaona mstari wa rangi umeanza kunyanyuka pembeni ya kioo, ukiukwangua kwa kucha unatoka na unga mwekundu.

Huo unga ndo unaonileta kwenye kioo cha mbele, kwasababu hapo ndo wenye gari wanaposhtuka. Ukitoa ule mpira wa zamani, ambao mara nyingi umeshakakamaa mpaka inabidi uukate kwa wembe na kuutupa, unakuta fremu ya bati imeliwa kwa ndani, hasa zile kona mbili za chini ambako maji yanatuama. Mteja alikuwa anaiona gari nzima, sasa anaona matundu. Anadhani fundi ndo kayatoboa. Bwana, yalikuwepo, yalikuwa yamefunikwa na mpira! Hapo lazima akate bati bovu, achomelee jipya, asage, aweke praima ya epoksi, ndo puti ifuate kidogo sana juu yake, sio kujaza puti kwenye tundu kama mtu anaziba jino. Puti inanyonya unyevu, ukiiweka kwenye tundu la kutu umeipa kutu chakula.

Nirudi kwenye mikanda maana hii ndo inauma zaidi. Ile mikanda saba imeshikwa na klipu ndogo ndogo, klipu inateleza ndani ya mkanda alafu inasukumwa kwenye tundu la bodi. Fundi asiyejua anachomeka bisibisi mwisho wa mkanda anaunyanyua kwa nguvu mpaka unachomoka. Alumini ukishaikunja haisahau. Utainyoosha, utaipiga polishi, ukisimama pembeni jua la saa kumi likipiga utaona bonde pale pale. Njia yake ni kuweka tepu kwenye rangi ya zamani hata kama unaenda kuitoa, kuchukua kabari ya plastiki au ya mti, kutafuta klipu moja moja ilipo na kuinyanyua hapo hapo karibu nayo, kidogo kidogo, ukitoka upande mmoja kwenda mwingine. Ni kazi ya kuchosha na haionekani. Mteja akipita gereji anakukuta umechuchumaa na kipande cha mti unadhani anakuelewa? Anauliza mbona rangi haijaanza.

Alafu kila kitu kinachotoka kinaingia kwenye mfuko na mfuko unaandikwa. Digadi la mbele kushoto, boliti zake. Mlango wa kulia, skrubu zake, na usichanganye za kitasa na za bawaba. Picha za simu zinapigwa kabla ya kufungua, wakati wa kufungua na baada ya kufungua. Siku hizi kila mtu ana simu ya kamera hakuna kisingizio. Gereji nyingi vitu vyote vinaenda kwenye ndoo moja ya rangi iliyokatwa, gari mbili tatu zinachangia ndoo hiyo hiyo, siku ya kufunga mnaanza kubahatisha. Ndo unaona Beetle barabarani mkanda wa mlango umefungwa na skrubu ya mbao katikati, nasikitika kusema nimeona, tena gari yenyewe rangi imepigwa vizuri kabisa.

Boliti za madigadi nazo ni kitabu kingine. Unahitaji spana namba 13, na kwenye zile za miaka ya nyuma namba 14. Zimekaa miaka zaidi ya hamsini kwenye matope ya tairi. Ukilazimisha inakatika ndani ya nati ambayo imeshikizwa kwenye bodi, hapo kazi ya dakika mbili imegeuka ya kutoboa na kutengeneza nyuzi upya. Unapulizia mafuta ya kulegeza siku moja kabla, unaacha, unarudi, unapasha moto kidogo, unageuza mbele na nyuma. Fundi wa haraka anaona bora asiyatoe, anapuliza digadi likiwa limefungwa na ule mpira wa katikati unapakwa rangi pamoja na kila kitu. Ukitaka kujua Beetle ilipigwa rangi namna gani usiangalie mlango, inama angalia ule mpira. Kama una rangi ya gari iliyopasuka pasuka kwenye mikunjo, madigadi hayakutoka, na kama madigadi hayakutoka basi bati lililojificha nyuma yake hakuna aliyeligusa.

Kuhusu rangi yenyewe nitasema machache. Gari za wakati ule zilitoka kiwandani na rangi ya mpako wa aina moja unaong'aa wenyewe, hakuna klia juu, yani ule mpako wa mwisho usio na rangi. Leo fundi wengi wamezoea kuweka rangi alafu klia kwasababu ndo IST zinavyotaka, na kwa Beetle inakubali, ila kwa rangi zisizo na chenga za metali mimi napendelea ile 2K, yani rangi inayochanganywa na hadina ya kuigandisha, inayong'aa bila klia, inakaribia zaidi muonekano wa asili na ikikwaruzika unaisugua na kuirudisha. Kuna wanaopiga NC, yani rangi ya nitroselulosi, kwasababu ni rahisi bei na inakauka upesi. Sawa, ila tina yake ni kali, ukiiweka juu ya rangi ya zamani ya mafuta inaweza kuichemsha yote ikakunjamana, na siku za unyevu, na Dar ni lini hakuna unyevu, NC inapauka inaweka wingu jeupe. Kompresa nayo itolewe maji chini ya tangi kila asubuhi, la sivyo unapuliza rangi na matone.

Namba ya rangi ya asili pia ipo, haina haja ya kubahatisha. Volkswagen walitumia namba zinazoanza na herufi L, L41 ni nyeusi, L87 ni ile nyeupe ya lulu, L456 ni nyekundu ya rubi. Hata kama kibandiko chenye namba kimepotea unaweza kutafuta sehemu ambayo jua halikufika, kwa mfano nyuma ya dashibodi au chini ya gasketi ya indiketa, unapiga polishi kidogo rangi halisi inajitokeza, na hapo ndo pa kupima, usipime juu ya boneti iliyopauka. Angalia lakini, hiyo sampuli utaipata tu kama umefungua vitu. Anayeziba kwa gazeti haioni.

Gari ikishapulizwa ndo mteja anaanza kupiga simu kila asubuhi. Anaiona inang'aa, anataka aondoke nayo, kuna harusi wikiendi. Rangi ya 2K ukiigusa kesho yake ni kavu lakini ndani bado laini, ukibana gasketi ya indiketa au shikizo la bampa juu yake linaacha alama ya kudumu, na ukiifunika turubai mapema linaganda muundo wake juu ya rangi. Iache siku kadhaa kabla ya kufunga kitu chochote. Muda huo fundi hakai bure, ndo anasafisha mikanda. Na hapa niseme kitu kwa sauti, mikanda ya Beetle ni alumini sio kromu, usiiloweke kwenye soda kali ya kuondolea mafuta, inakula ule utando wa juu na alumini inabaki na madoa meupe. Kromu iko kwenye bampa, ringi za taa na vikombe vya tairi. Kromu yenyewe ni ganda jembamba mno ambalo limelalia nikeli chini yake, kwahiyo ukiisugua kwa msasa au steli wulu ngumu unaitoa. Kama imeshakula kutu mpaka imevimba inatakiwa ivuliwe, bati linyooshwe, lipigwe nikeli na kromu upya kwenye madumu ya umeme na watu wanaojua, na ni ghali, na kemikali zake ni sumu kweli kweli. Kuna mafundi wanapulizia spei ya silva alafu wanamwambia mteja tumekutilia kromu. Mteja analipa! Ukiweka uso wako karibu na bampa usipojiona hiyo sio kromu.

Kurudisha sasa. Madigadi yanarudi na mipira mipya, unalegeza boliti zote kwanza, unachomeka mpira, unaulainisha ukae sawa kwenye mwanya mzima, ndo unakaza kidogo kidogo kwa zamu, ukikaza upande mmoja mapema mpira unabinuka na rangi mpya inabanduka ukingoni. Kila tundu la klipu unalipaka nta au silanti kabla ya kuchomeka klipu kwasababu hapo bati liko wazi na klipu inakwaruza ikiingia. Klipu za zamani usizirudishie, zimeshalegea. Na matundu ya klipu sio saizi moja kwa miaka yote, kwahiyo usinunue klipu za Beetle tu, nunua za mwaka wa gari yako.

Kioo cha mbele kinataka watu wawili na uvumilivu. Mpira mpya unavalishwa kwenye kioo mezani, ule ukanda wa kung'aa unaingizwa kwenye mfereji wake hapo hapo kioo kikiwa nje ya gari, hii watu wengi hawaijui, wanafunga kioo kwanza alafu wanahangaika na ukanda mpaka wanaukunja. Ukishamaliza unapitisha kamba ya nailoni kwenye mfereji unaokaa kwenye bati, unazunguka kioo kizima, ncha mbili zinapishana katikati chini. Unapaka maji ya sabuni, mmoja anakisimamisha kioo kwa nje na kukisukuma kwa viganja, mwingine kakaa ndani anavuta kamba taratibu na mdomo wa mpira unaruka juu ya ukingo wa bati. Ukisikia mtu anatumia bisibisi kuuingiza mpira muondoe hapo, anakwenda kukwaruza rangi mpya mahali ambapo hamtapaona mpaka kutu itoe taarifa.

Na mpira wenyewe uko wa aina mbili. Upo wenye mfereji wa ukanda na upo mtupu usiokuwa nao. Huo mtupu ni rahisi na ndo fundi wa haraka anakimbilia, akiulizwa ukanda uko wapi anajibu siku hizi hauvai. Hauvai kwasababu umenunua mpira mwingine! Pia mwaka wa gari ni lazima, toka modeli ya 1965 Volkswagen waliongeza ukubwa wa vioo, kwahiyo mpira wa 1964 hauingii kwenye 1965, na ile Beetle ya modeli 1303 iliyokuja baadae ina kioo cha mbele kilichojikunja kabisa, mpira wake ni wake peke yake. Kama hujui mwaka nyanyua siti ya nyuma, namba ya chesisi imegongwa kwenye mgongo wa katikati, na kwa gari za modeli ya 1965 na kuendelea tarakimu ya tatu ndo inakutajia mwaka, 5 ni 1965, 6 ni 1966, namna hiyo.

Kuna hoja nitaisikia, kwamba hivyo vitu havipatikani. Kwa Beetle sikubali. Hii gari imetengenezwa zaidi ya milioni 21, ilivunja rekodi ya Ford Model T mwaka 1972, na ya mwisho ilitoka kiwanda cha Puebla kule Mexico tarehe 30 Julai 2003, Brazil nako waliitengeneza hadi 1996. Kwahiyo mipira, klipu, mikanda na gasketi bado vinafyatuliwa vipya na vinaagizika, ubora unatofautiana ndio, kuna mipira inayokakamaa mwaka mmoja, ila vipo. Peugeot 404 ungenidai hiyo hoja ningenyamaza maana mikanda yake ukiipinda ni kwenda kuomba kwa mwenye gari bovu. Na tusisahau Beetle sio kigari cha mapambo tu, wazee wanaokumbuka mbio za magari za Safari watakwambia Vic Preston na D.P. Marwaha walishinda nayo mwaka 1954 na Tommy Fjastad akashinda na nyingine 1962, kwenye vumbi na matope ya Afrika Mashariki hii hii. Bati lake ni zuri ukilitunza, na kinacholiua mara nyingi ni maji yaliyojificha chini ya urembo.

Kuna sehemu ya bei ambayo hakuna mteja anayeiuliza. Ile hadina ya rangi ya 2K ina kemikali zinaitwa aisosayaneti, zinaingia kifuani na zinaweza kukuachia pumu ya kazini ambayo ukishaipata hata harufu kidogo inakubana. Kitambaa usoni hakizuii, barakoa ya vumbi haizuii, inatakiwa ile inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje ya chumba. Vijana wetu gereji wanapuliza wamefunga fulana puani, tena mlango umefungwa ili vumbi lisiingie kwenye rangi. Rangi za miaka hiyo ya sitini nyingine zilikuwa na risasi ndani yake, ukizisaga kavu unavuta unga wake, zinasagwa na maji. Fundi anayenunua vifaa hivyo na kuwanunulia wasaidizi wake atakutajia bei ya juu kuliko yule asiyenunua, na ukimkimbia unakwenda kwa yule ambae kijana wake ndo analipia tofauti.

Jingine dogo kwa huyo msomaji, kwasababu aliandika anafikiria kuibadilisha iwe rangi nyingine. Gari ni yake. Ila kadi ya gari imeandikwa rangi, akibadilisha aende TRA wakarekebishe kadi, asije akabishana na trafiki barabarani kwamba nyekundu ni bluu. Na ajue kubadilisha rangi kunaongeza kazi, lazima ndani ya milango, ndani ya boneti, chumba cha injini na nyuma ya dashibodi vyote vipigwe, la sivyo kila akifungua mlango rangi ya baba inamchungulia. Mimi ningeiacha ya baba yake. Hayo ni maoni yangu.

Kuhusu bei aliyotajiwa, asiulize kwanini ni kubwa, aombe iandikwe kwa vipande. Kufungua ni kiasi gani, kuchomelea bati ni kiasi gani na nani anaamua likikutwa tundu jipya, rangi na praima za kampuni gani, mipira na klipu nani ananunua na za mwaka upi, kurudisha ni kiasi gani, bampa zinakwenda wapi. Fundi anayejua atamwandikia bila kununa, na huenda hela ikabaki ile ile lakini ataona inakoenda. Asiyejua atasema mzee niamini tu. Akisikia hivyo achukue gari yake.

Na asilipe yote mwanzoni. Wenzangu watanikasirikia lakini nasema, abakize fungu la maana la siku ya kurudisha urembo, maana fundi akishalipwa yote rangi ikiwa imeng'aa hamu ya kuchomeka klipu inaisha, gari inakaa wiki na wiki pembeni ya ukuta bila ringi za taa huku IST mpya zinaingia na kutoka. Nimezikuta gari za hivyo kwenye gereji za watu, rangi nzuri, mikanda imeegeshwa kwenye kona nyuma ya mitungi ya gesi, imekanyagwa.

Kama Beetle yake iko kwa fundi mpaka leo na hajaelewana nae, aende kesho asubuhi na simu yenye chaji, apige picha kila mkanda, kila ringi na kila nembo ikiwa bado imefungwa kwenye gari, ahesabu ile mikanda kama iko saba, na kama vimeshafunguliwa aombe kuoneshwa mifuko yake.

Fundi rangi,
Ilala, Dar es Salaam